V Tatu za Mkwe

Mume wangu ni askari magereza, sajenti, na kwa miaka mingi kazi yangu ya Jumapili jioni ilikuwa kumpigia pasi sare. Ndiyo shule yangu ya vyeo. Anayeanza polisi ni konstebo. Anayeanza magereza ni wada. Anayeanza jeshini ni praiveti, na hukohuko jeshini kuna mtu anaitwa koplo usu, mwenye V moja tu mkononi. Polisi wana stesheni sajenti. Ukivuka barabara ukaingia kambini utakuta stafu sajenti, na ukiwaita kwa jina moja wote wawili wanakasirika. Askari wa hifadhi ndio walionichosha kabisa. Wao wana madaraja, wanaanzia la tatu, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo namba inavyoshuka.

Kwetu, upande wa Nyegina, kwenye vijiji vya ukingoni mwa ziwa, mambo haya hayakuwa na matawi. Askari ni askari na V ni V. Mwenye tatu anamzidi mwenye mbili, kama mwenye ng'ombe watatu anavyomzidi mwenye wawili, na hakuna anayeuliza ng'ombe hao wanachungiwa wapi. Mume wangu alipopata V ya tatu, baba mkubwa alichinja mbuzi. Binamu yangu, koplo wa jeshi anayekaa Makoko, alinyanyuka akampisha kiti. Alifanya utani tu, maana wanajeshi hawana desturi ya kumpisha askari magereza kiti, lakini wazee hawakuona utani. Waliona nchi imepangwa vizuri.

Nilijaribu kumweleza mama siku hiyohiyo, tukiosha vyombo. Nilimwambia, mama, cheo cha huyu ni cha gerezani. Akitoka nje ya geti lile ni mtu kama wengine.

"Wewe umemzoea," mama alinijibu. "Mtu akilala na simba kila siku anamwonaga paka."

Nikacheka. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mdogo wangu ndiye mtoto wa mwisho wa mama. Alianza kuvua kabla hajamaliza shule, na samaki walipopungua akanunua pikipiki, akawa anachukua dagaa kutoka mialoni kwetu anapeleka Bunda, soko la Manyamanyama. Manyamanyama wauza dagaa ni wengi, kwa hiyo akaanza kupita mbele zaidi, mpaka vijiji vinavyopakana na hifadhi. Huko watu wana shida ya kitoweo cha ziwani na wana kingi cha kwao. Akiwapa dagaa, wao wanampa kimoro, nyama ya nyumbu iliyokaushwa, ngumu kama gome. Kila mtu kwetu ameshaila. Mimi nimeila nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza na sikuona kwamba ninakula mali ya serikali.

Askari wa hifadhi walimkamata barabarani, gunia likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki. Walimpeleka wakamkabidhi polisi Bunda. Habari zilitufikia kesho yake, na kabla ya jua kuzama wazee walikuwa wamekaa kwa mama.

Kikao chenyewe sikukihudhuria, nilisimuliwa. Kwetu mtu mwenye shida haendi ofisini kujisemea. Anatafutiwa msemaji, na msemaji lazima alingane uzito na yule anayekwenda kuongea naye, la sivyo ni dharau kwa pande zote mbili. Kwa hiyo walichokijadili hakikuwa gunia wala sheria. Walijadili nani mkubwa kati ya wakwe na watoto wenye sare. Binamu wa Makoko alitajwa kwa sababu jeshi lina bunduki kubwa. Baba mkubwa akamkata: koplo ana V mbili. Magereza, sijui jeshi, hayo ni majina ya kampuni. Tatu ni tatu. Kikao kikaisha hapo, wakala ugali.

Mama ndiye aliyetumwa kuleta uamuzi. Hilo ndilo ninalolifikiria kuliko mengine yote, kwamba walimtuma mama. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na mama haingii nyumba anayolala binti yake na mumewe. Kama ana neno analipitisha kwa mtu. Safari hii alikuja mwenyewe mpaka kwenye kota za askari, Musoma mjini, asubuhi mume wangu akijiandaa kwenda zamu. Nilimletea kiti akakikataa. Nilimletea maji, nayo akayakataa. Alisimama uani kwenye kamba ya nguo, ambapo nilikuwa nimeanika shati la sare, na kwa kuwa hakuweza kumtazama mwenye shati, alilitazama shati.

"Mkwe," aliliambia shati, "sijakusumbuaga. Hata siku moja sijakusumbuaga. Lakini mtoto huyu ni wa mwisho, sina mwingine nyuma yake. Nenda kaongee na wenzako. Wewe ni mkubwa, watakusikia."

Mume wangu alikuwa nyuma ya mlango, suruali amevaa, fulana amevaa, amekaza macho sakafuni. Mkwe habishani na mama mkwe. Hamwelezi mambo marefu, hamsahihishi, hasemi "unakosea". Ana maneno mawili tu ya kumjibu, na yote ni ndiyo.

"Nitakwenda, mama," alisema.

Mama akalishukuru shati akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwambia tutafute wakili, hapa Musoma wapo, tuwahi kabla ya mahakama.

"Wakili wa nini na sajenti tunaye?" alisema, na alinitazama kama mtu aliyemlea mtoto mchoyo.

Niliporudi ndani mume wangu alikuwa amekaa kitandani, kiatu kimoja mkononi. "Mimi huko Bunda ni nani?" aliniuliza. Nilipandwa na hasira. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia hivyohivyo mwenyewe. Akasema, "Mama yako namwambiaje?" Na ni kweli, hakuna namna anayoweza kuambiwa.

Nilikwenda naye Bunda, nimebeba chakula cha mdogo wangu. Shati nilikuwa nimelipiga pasi mpaka V zinasimama. Na nikiri jambo moja: pale kaunta ya polisi, konstebo kijana alipomwona aliruka akasimama wima, "Jambo afande!", akafuta kiti kwa mkono wake mwenyewe akamkaribisha, na mimi, mke wa askari, ninayejua vyeo mpaka vya zimamoto, moyo wangu ulipanda. Nilisema moyoni labda wazee wako sahihi. Askari wanaheshimiana hata wakiwa wa idara mbalimbali, na heshima ile ukiitazama kutoka kwenye benchi haina tofauti na nguvu.

Halafu akatoka mkaguzi msaidizi. Kijana, nyota moja begani, labda umri wa mdogo wangu. Mume wangu akasimama haraka, mikono ubavuni, na kwa mara ya kwanza nikaona nyota moja inavyozimeza V tatu. Kijana hakuwa na ubaya wowote. Alimsikiliza, akamwita "mzee wangu", akamwambia ukweli: watu wa hifadhi ndio waliokamata na ndio mashahidi, na jalada limeshakwenda kwa waendesha mashtaka. Polisi walikuwa wanamtunza tu.

Tulikwenda kwa watu wa hifadhi. Tulimkuta askari mnene, mchangamfu, sare ya kijani. Mume wangu alimuuliza cheo chake ili ajue aanze vipi. "Daraja la kwanza," yule alisema. Nilimwona mume wangu akipiga hesabu usoni, kama hapa asimame au akae, kama huyu ni wa kuamkiwa au wa kuamkia. Mwishowe alibaki katikati, mgongo umepinda kidogo, mkono mmoja kwenye kofia. Yule naye akasema lao limeisha, liko kwa wakili wa serikali.

Wakili wa serikali alikuwa mwanamke wa makamo, suti nyeusi, ana mafua. Mume wangu alimtazama mabegani. Hakukuwa na kitu. Mabega matupu, ya kitambaa tu. Miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kuongea na watu kwa kuwasoma mabegani na mikononi, na sasa amekutana na mwenye kesi nzima mkononi ambaye hakuandikwa popote. Aliongea maneno machache, akasitasita, akasema kijana ni wa familia nzuri. Yule mama akapenga kamasi, akasema, "Ndugu sajenti, hayo yote atayasema mwenyewe mahakamani." Tukatoka. Jogoo la shamba haliwiki mjini, na siku hiyo nililiona lenyewe, manyoya yamelala.

Kwa heshima ileile ya askari kwa askari, konstebo alituruhusu tumwone mdogo wangu dakika chache. Alikuwa amekonda usoni lakini alitabasamu alipoona sare. "Shemeji," alisema, "nilijua utakuja." Mume wangu akamsogelea karibu na vyuma.

"Sikiliza," alimwambia. "Siku ya mahakama kubali. Usibishane nao, usiwasumbue. Ukikubali wanaona una nidhamu, wanakupunguzia."

Nilisikia kwa masikio yangu. Na nilijua alikoyatoa. Gerezani, mfungwa asiyebisha, anayetii, ndiye anayepunguziwa siku. Hilo mume wangu ameliona kwa macho yake, ameaga watu getini wanatoka mapema kwa sababu ya nidhamu. Ni kweli kabisa, ndani. Alichukua sheria ya nyumba yake akaipeleka nyumba ya jirani. Hakuwa na kingine cha kumpa, na hakuweza kurudi kwa mama mkwe mikono mitupu. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa kila neno, kama anayepokea dawa.

Siku ya mahakama tulijaa benchi mbili. Mashtaka yalisomwa. Hakimu akamuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Akamuuliza anasemaje. "Ni kweli, mheshimiwa." Maelezo yakasomwa yote, gunia, pikipiki, barabara, nyama ya nyumbu, na hakimu akavua miwani akamuuliza tena, taratibu, kama mtu anayemwachia mwenzake mlango wazi: haya yaliyosomwa ni ya kweli? Mdogo wangu aligeuka akamtazama mume wangu. Mume wangu akainamisha kichwa kidogo kuafiki.

"Ni kweli yote," mdogo wangu alisema, na aliyasema kwa sauti nzuri, ya nidhamu.

Miaka ishirini.

Hakuna aliyelia mwanzoni. Nadhani tulikuwa tunasubiri sehemu ya pili, ile ya kupunguziwa. Baba mkubwa ndiye aliyesimama. "Sajenti," alisema kwa sauti ya kikao cha nyumbani, "ongea nao sasa." Mume wangu akasimama na yeye, sijui kwa nini, labda kwa sababu mzee amemwita. Askari wa pale mahakamani alikuwa konstebo, mkono mtupu, hana hata V moja. Alikuja kwenye benchi letu.

"Mzee, kaa chini." Kisha akamgeukia mume wangu, kwa adabu kabisa. "Na wewe afande, naomba ukae."

Mume wangu akakaa.

Nilimtazama mama. Nilidhani, kwa uchungu wote ule, angalau sasa ameona. Asiye na kitu mkononi amemwamuru mwenye tatu, naye ametii, mbele ya macho ya ukoo mzima. Lakini mama aliona kingine. Nje, chini ya jua, aliwaambia wanawake wenzake, na hakujali kama nasikia: "Mwenye V tatu hashindwagi na huyu mtoto. Hakutaka. Mtu ameambiwa akae, amekaa. Alikuwa na kinyongo na mwanangu."

Hayo ndiyo yaliyobaki. Wangeweza kukubali kwamba V tatu hazikuweza kitu nje ya geti, na walichagua kuamini kwamba ziliweza na mwenyewe amewanyima. Na mume wangu hawezi kujitetea, kwa sababu wa kumweleza ni mama mkwe, na mama mkwe haelezwi. Nilijaribu kuwa mdomo wake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni mumeo. Lazima umtetee."

Mdogo wangu aliletwa gereza alikofanya kazi mume wangu. Mtu wa nje angesema afadhali, sasa yuko mahali V zinapofanya kazi. Siku ileile mume wangu alitoa taarifa kwa mkuu wake kwamba ana shemeji ndani, kama utaratibu unavyotaka, na baada ya muda mfupi akahamishiwa mkoa mwingine. Hakuniomba nimfuate, na mimi sikujitolea. Nilipanga vyumba viwili Makoko na watoto. Anapiga simu Jumapili, anauliza watoto wanaendeleaje, anaaga. Sijapiga pasi sare tangu aondoke na sijui anayempigia.

Wakili nilimtafuta, nimechelewa. Alisoma hukumu hapo hapo mbele yangu, akaikunja. Aliniuliza nani alimwambia akubali. Nikasema alikubali mwenyewe. Akasema aliyekubali kosa hana rufaa ya kupinga kosa, anaweza kulia juu ya adhabu tu, na adhabu hiyo imewekwa na sheria, haina pa kushikia. Angekana, alisema, tungekuwa na pa kuanzia. Mke wa mdogo wangu alisubiri msimu mmoja wa mvua, kisha akachukua watoto akarudi kwao Butiama. Simlaumu. Nilimsaidia kufunga godoro.

Kila mwezi nampeleka mama kumwona mwanawe. Mfungwa anachuchumaa anapoongea na askari, na mama hawezi kulizoea hilo. Kila mara anamwambia, "Simama baba, utaumia magoti," na mdogo wangu anajifanya hajasikia. Mara ya mwisho alikuja uso umenawiri. Alisema ana habari. Amefanywa nyapara.

Mama hakulijua neno. Mdogo wangu akamweleza kwamba nyapara ni mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Anawapanga asubuhi, anawahesabu, anapeleka taarifa kwa askari. Kuna nyapara wa kila mahali, wa jikoni na wa shamba, na juu yao wote kuna nyapara mkuu. Yeye yuko wa shambani, lakini anaweza kupanda. Nilimtazama mdogo wangu na niliona anajivuna. Nywele zimeanza kuota mvi pembeni na anajivuna. Nilitaka kupiga kelele. Nilimwambia hongera.

"Uko na watu wangapi?" mama aliuliza, macho yanang'aa.

"Wengi, mama."

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwa mama, kijijini. Tulikaa kwenye mikeka uani, wanawake wengi na wazee wachache, na baada ya masomo mwenyekiti akauliza nani ana shukrani. Mama alisimama. Hakuwa amesimama kwenye jumuiya tangu hukumu. Alikuwa anakaa nyuma, karibu na banda la mbuzi, na watu walishazoea kutomuuliza. Alijifunga khanga vizuri kiunoni.

"Namshukuru Mungu," alisema, "mwanangu wa mwisho amepandishwa cheo."

Hakuna aliyeuliza wapi. Vigelegele vilipanda, mmoja akaanzisha wimbo, makofi yakafuata, na mama alisimama katikati akiwa amenyooka vile ambavyo sikuwa nimemwona kwa miaka. Nilipiga makofi. Mikono yangu ilipiga yenyewe. Jirani mmoja, mwanamke mwema asiye na ubaya hata chembe, akamsogelea mama akamuuliza kama sasa, kwa kuwa wamemwona anafaa, hawatamruhusu arudi nyumbani mapema.

Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto jinsi wakubwa wanavyoishi.

"Hapana," alisema. "Sasa ana watu chini yake. Atawaachaje?"